Maarifa ya Nyumbani: Mlinzi wa Lango na Mzigo Unaoingia

Ichukuliwe nyumba moja ya askari mtaani Ngagara, mjini Bujumbura, siku ya Jumapili saa moja ya jioni. Baba yuko kazini nchi ya mbali, na hiyo ndiyo saa aliyopangiwa kuzungumza na jamaa zake. Mama ameketi na simu mkononi. Mtoto mdogo ameoshwa na kuvishwa nguo safi ili baba yake amwone. Simu inalia, uso wa baba unatokea, anatamka maneno mawili, kisha sauti yake inakatikakatika kama ya mtu anayezama majini, na picha inaganda. Wanajaribu mara tatu. Ikifika mara ya nne saa yake imekwisha, na zamu ya askari mwingine imewadia.

"Shemeji," mama anamwambia mdogo wa mumewe, ambaye ni koplo wa polisi, "kampuni hii inatuibia. Tunalipia megabiti 10, na sauti ya mtu mmoja haipiti!"

"Ni kweli, shemeji," koplo anajibu. "Mwisho wa mwezi tununue huduma iliyo kubwa zaidi."

Wakati huohuo, katika chumba cha pili, kijana wa nyumba anapakua filamu, kompyuta ya dada yake inajisasisha yenyewe bila kuuliza mtu, na simu nyingine za nyumbani zinapokea video kutoka kila upande. Mwizi hayupo. Lililopo ni lango moja lenye wageni wengi, na hakuna aliyewapanga. Kabla koplo huyo hajatoa fedha yake, yafaa aelewe jinsi lango hilo linavyofanya kazi.

KAZI MBILI ZA MLINZI

Kila nyumba, ofisi au kambi iliyounganishwa na intaneti ina mahali ambapo njia itokayo nje hukutana na vyombo vya ndani. Hapo ndipo huwekwa fayawoli. Jina hilo, kwa asili yake, ni la ukuta unaojengwa ili moto wa chumba kimoja usivuke hadi cha pili. Nyumbani, fayawoli kwa kawaida imo ndani ya ruta, kile kisanduku chenye taa zinazomemeta. Katika ofisi kubwa huweza kuwa mtambo kamili wa peke yake.

Kazi yake ya kwanza wengi wanaifahamu. Ni ile ya mlinzi wa lango la kambi: kumwuliza kila ajaye anatoka wapi, anakwenda kwa nani, na kama anayo ruhusa. Kazi ya pili haijulikani sana, nayo ni ile ya askari wa usalama barabarani: kuamua nani atangulie, nani angoje, na kila mmoja aende kwa mwendo gani.

Kazi hii ya pili ipo kwa sababu njia ya intaneti ina upana wake. Upana huo huitwa kipimo data, na huhesabiwa kwa megabiti kwa sekunde. Tena data haipiti kama mkondo mmoja wa maji. Hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, ambavyo kwa kawaida havizidi baiti 1,500 kila kimoja, na kila pakiti hubeba anwani yake kama barua. Filamu ya gigabaiti moja ni pakiti laki kadhaa. Sauti ya baba aliye mbali nayo ni pakiti, tena ndogo na chache. Lakini zote hupita katika njia ileile, na mtambo usioagizwa lolote hauwezi kujua ipi ni ya mchezo na ipi ni ya moyo.

NJIA NDEFU YA KUFIKA BUJUMBURA

Watu wa Bujumbura hawahitaji kufundishwa maana ya mzigo unaotoka mbali. Nchi haina bahari. Mwaka 1921 Uingereza na Ubelgiji zilitia saini mkataba ulioipa Ubelgiji sehemu za kupokelea mizigo katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, kwa ajili ya Kongo na Ruanda-Urundi. Sehemu hizo zikajulikana kwa jina la Belbase. Mzigo ulishushwa pwani, ukapanda reli hadi Kigoma, kisha ukavuka Ziwa Tanganyika. Mahali popote palipokwama njiani, mji ulikwama.

Intaneti nayo imefuata desturi hiyo. Kwa miaka mingi ilifika kwa setilaiti inayoelea kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Kupanda na kushuka kwa ishara kulikula karibu robo ya sekunde, na jibu likala robo nyingine. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika pwani ya Afrika Mashariki, na mwaka 2010 ukafuata waya wa EASSy. Burundi, isiyo na pwani, ilijiunga na nyaya hizo kwa kupitia nchi jirani, na ndani ya nchi ikajengwa njia kuu ya nyuzi za kioo chini ya kampuni ya Burundi Backbone System. Mnamo Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, watumiaji wa Afrika Mashariki walionja tena shida ya kutegemea njia chache.

Kwa hiyo kila megabiti inayofika Bujumbura imesafiri mbali na imelipiwa. Mwenye nyumba anayeiacha ipotee hana tofauti na mtu achotaye maji mtoni kwa ndoo iliyotoboka.

UGUMU WA KINACHOINGIA

Hapa ndipo wengi hukosea, hata mafundi. Hudhani kuwa mlinzi wa lango anaweza kupunguza mzigo unaoingia kwa urahisi uleule wa kupunguza unaotoka. La hasha!

Mzigo unaotoka uko mikononi mwake. Anauzuia ndani ya ua kabla haujakanyaga barabara. Mzigo unaoingia ni mambo mengine: unapomfikia langoni, barabara imekwisha kutumika. Akiutupa, ameutupa baada ya safari yote. Wahenga walisema kuwa maji yakimwagika hayazoleki.

Mfano mzuri ni wa bandari. Mkuu wa bandari ya Bujumbura anaweza kupanga malori yatokayo katika ua wake apendavyo. Lakini ikiwa meli kumi zimekwisha kung'oa nanga Kigoma kwa siku moja, kufunga lango la Bujumbura hakutazirudisha. Zitajipanga ziwani tu. Dawa ni kupeleka habari Kigoma kwamba wapakie polepole.

Foleni ya intaneti nayo hujipanga hukohuko nje, katika mtambo wa kampuni, pale ambapo njia pana inakutana na njia nyembamba ya mteja. Tuseme mtambo huo unaweka foleni ya megabaiti moja kabla ya kuanza kukataa pakiti. Megabaiti moja ni megabiti 8. Kwa njia ya megabiti 10 kwa sekunde, foleni hiyo huchukua sekunde 0.8 kumalizika. Mwenye kupakua filamu hataona dhara. Lakini pakiti ya sauti ikikuta foleni imejaa, itangoja sekunde 0.8 kama nyingine zote. Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mawasiliano, ITU, linashauri kuwa sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yaende vizuri. Sekunde 0.8 ni mara tano ya kiasi hicho. Ndiyo maana mke na mume wanaingiliana maneno, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza.

Kuongeza upana pekee hakuondoi kasoro hiyo. Mwenye kupakua atajaza njia pana kama alivyojaza nyembamba, na foleni itarudi.

RISITI NA SOMO LA MWAKA 1986

Je, mlinzi ana njia gani ya kupeleka habari "Kigoma"? Anayo, nayo ni risiti. Katika utaratibu uitwao TCP, ambao hubeba sehemu kubwa ya data za intaneti, mpokeaji hurudisha risiti kwa pakiti alizopokea. Mtumaji akipata risiti kwa wakati, huongeza mwendo. Risiti zikikosekana, hutambua kuwa njia imesongamana na hupunguza.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Mnamo Oktoba 1986, huko California nchini Marekani, njia iliyounganisha maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha Berkeley, mahali palipotengana kwa mita mia nne hivi, iliporomoka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40 tu. Kila mtumaji aliyekosa risiti alirudia kutuma kwa pupa, na kwa kurudia huko akaongeza msongamano uleule uliomkosesha risiti. Mtaalamu Van Jacobson alichunguza tatizo hilo, na mwaka 1988 akatangaza dawa yake: mtumaji aanze polepole, aongeze kwa adabu, na akiona pakiti imepotea apunguze mwendo mara moja.

Adabu hiyo ndiyo chombo cha mlinzi wetu. Akichelewesha au kuangusha pakiti chache za filamu mapema, mtumaji aliye ng'ambo ataelewa ishara hiyo na kupunguza kasi. Pakiti iliyoangushwa haijaibwa; itatumwa tena. Hivyo lango dogo la Ngagara linaweza kuamuru seva kubwa ya Ulaya itembee taratibu.

HATUA ZA KUCHUKUA

Kwanza, kupima. Vyombo vyote vizimwe, kibaki kimoja, na kasi ipimwe asubuhi, mchana na jioni, kwa siku kadhaa. Matokeo yaandikwe daftarini. Mwenye kulipia megabiti 10 akipata 9 saa za jioni, basi 9 ndiyo njia yake. Akipata 3 kila siku, ana haki ya kwenda kwa kampuni yake akiwa na daftari mkononi, badala ya kwenda na hasira.

Pili, kuweka kikomo kilicho chini kidogo ya upana halisi. Ikiwa njia ni megabiti 9, fayawoli iagizwe kupokea 8 tu. Watu hushangaa: mtu ajinyime kwa makusudi? Sababu ni kwamba kikomo hicho huihamisha foleni kutoka katika mtambo wa kampuni, ambako mteja hana amri, hadi ndani ya ruta yake, ambako amri ni yake. Anapoteza kidogo apate kutawala kilichobaki.

Tatu, kupanga foleni. Sauti itangulie, kwa kuwa mahitaji yake ni madogo: simu moja ya sauti hutosheka na kilobiti 100 kwa sekunde, yaani sehemu moja kwa mia ya njia ya megabiti 10. Picha ya mazungumzo, masomo na kazi vifuate. Filamu na programu zinazojisasisha ziwe za mwisho, kwani hazijui kama zimefika saa mbili au saa tatu. Jambo moja la kuogopwa ni kumpa kila mtu kipaumbele. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Ruta nyingi za siku hizi zinao mpango huu. Huonekana katika orodha yake kwa herufi QoS au SQM. Penye SQM, kazi huwa nyepesi, kwa sababu huwa na hesabu kama ile ya CoDel, iliyotangazwa mwaka 2012 na Kathleen Nichols pamoja na Van Jacobson yuleyule. Hesabu hiyo haitazami urefu wa foleni. Hutazama muda ambao pakiti zimekaa humo. Zikikaa mno, huanza kuangusha moja moja. Mwenye nyumba huandika tarakimu mbili tu, ya kuingia na ya kutoka.

Nne, kupanga saa. Kompyuta na simu ziagizwe kujisasisha baada ya saa tano ya usiku, wakati nyumba imelala.

Tano, kufunga milango isiyotumika. Neno la siri la ruta libadilishwe lisiwe lile la kiwandani, na la Wi-Fi lisigawiwe kama njugu. Nyumba nyingi zinazolalamika kuwa njia ni nyembamba huwa zinalisha nusu ya mtaa bila kujua. Kumpa jirani ni wema, lakini ruta nyingi zina mlango wa wageni wenye kikomo chake. Mgeni apitishwe hapo.

Ofisini na kambini hatua ni hizohizo, ila huongezwa moja: kanuni iandikwe na kubandikwa ukutani. Pasipo kanuni, mwenye cheo hutazama mpira kwa njia ileile ambayo zahanati inahitaji kupelekea picha ya mgonjwa, na fundi mdogo hathubutu kumwambia. Palipo na kanuni, fayawoli ndiyo inayokataa, nayo haijui kanali wala kuruta.

MAFURIKO YA MAKUSUDI

Yote yaliyotajwa yanategemea mtumaji mwenye adabu. Wapo wasio nayo. Mwishoni mwa Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa serikali ya Kenya, wenye huduma zaidi ya 5,000, uliyumba kwa siku kadhaa. Serikali ilieleza kuwa mfumo huo ulimiminiwa maombi mengi kupita kiasi kwa nia ya kuuziba, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai kuwa ndilo lililofanya. Washambuliaji hawakuhitaji kuvunja lango. Walileta umati mbele yake ili mwenye haja ya kweli asipite.

Mafuriko ya namna hiyo hayasikii ishara ya pakiti iliyoanguka, na fayawoli ya mlangoni haiwezi kuyashinda peke yake, hata ikikataa kila pakiti, kwa kuwa njia imejaa kabla ya kufika kwake. Bujumbura inalijua somo hili kwa uchungu. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua kubwa ilishusha maji na matope kutoka milimani hadi Kamenge na mitaa jirani, na watu zaidi ya 60 wakapoteza maisha. Maji yaliyokwisha kufika mlangoni hayazuiwi na komeo. Huzuiwa huko juu, kwa miti, makingamaji na mifereji.

Vivyo hivyo, ofisi inayoona njia yake imejaa ghafla bila sababu haina budi kuipigia simu kampuni ya intaneti mara moja, ili mafuriko yakatwe huko juu, njia ingali pana. Namba ya simu ya kampuni, jina la mwenye zamu na namba ya mkataba viandikwe kwenye karatasi na kuwekwa karibu na mtambo. Karatasi hiyo isihifadhiwe katika kompyuta pekee. Siku ya mafuriko haitafunguka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

JUMAPILI NYINGINE

Nyumba ya Ngagara haikununua huduma kubwa zaidi. Koplo alipima kwa siku nne, akaandika daftarini, akakuta njia ni megabiti 9 mchana na 8 jioni. Akaweka kikomo cha 7, akawasha mpango wa foleni, akahamishia usiku kazi ya kujisasisha.

"Baba mdogo," kijana alilalamika, "sasa filamu itachukua muda mrefu!"

"Itachukua," alijibu koplo. "Ila itafika. Maneno ya baba yako yakichelewa, hayafiki."

Jumapili iliyofuata, saa moja ya jioni, filamu ya kijana ilikuwa bado inashuka taratibu katika chumba cha pili. Simu ililia. Baba aliuliza habari za nyumbani, akajibiwa. Akauliza kama mtoto ameota meno, na mtoto mwenyewe akafungua kinywa mbele ya kioo cha simu. Walizungumza hadi zamu ilipokwisha, na hakuna aliyehitaji kurudia neno.